Raymonde, Mjazaji wa Nundu

Wifi yangu Raymonde hana kimo. Akisimama nyuma ya mwanamume mwenye mwili wake humwoni, na nadhani ndiyo maana watu wa Binche, mji wetu mdogo wa Ubelgiji, walimaliza miaka saba bila kujua alikuwa anafanya nini huko nyuma.

Mimi nilijua. Mimi ni dada wa mumewe, na katika nyumba ile hakikatwi kitunguu bila mimi kupata habari. Nikanyamaza. Wanaonifahamu hawataamini kwamba nimewahi kunyamaza miaka saba, lakini nilinyamaza, na leo naongea kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiisimulia hadithi hii kombo baa kwa baa.

Kwetu, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku kuu ya karnivali, mwanamume anayejiheshimu anakuwa Gille. Anavaa suti ya kitani yenye simba weusi na wekundu, viatu vya mbao, mkanda wa njuga kiunoni, kola ya marinda meupe shingoni. Kola hizo napiga pasi mimi, rinda kwa rinda, na wiki hiyo usinisemeshe. Mchana anavaa kofia ya manyoya ya mbuni ndefu kama mtoto wa miaka minane, na anagawa machungwa. Na tangu alfajiri mpaka fataki za usiku anabeba nundu mbili za mabua ya ngano, moja kifuani, moja mgongoni. Nundu ndizo zinazomfanya awe Gille. Ziondoe, unabaki na muuza mboga aliyevaa pazia.

Lakini nundu hazijijazi. Mtu hawezi kujijaza mwenyewe, kama asivyoweza kujinyoa kisogo. Kila chama cha Gille kina mjazaji wake, na chama chetu, Wasiochelewa, tangu babu yangu kimejazwa na ukoo wetu. Babu, baba, halafu kaka yangu Ursmar. Sisi hatuna shamba wala duka. Tuna hilo.

Usidhani ni kazi ya kutia majani kwenye gunia. Mabua yanalowanishwa kidogo, yanakunjwa, yanasokotwa mpaka yawe magumu kama kamba, na kila mtu ana misokoto yake ishirini na miwili, kwa kipimo cha mwili wake. Mmoja bega limeinama, mwingine ana kitambi, mwingine amekonda mwaka huu kwa sababu mkewe amemkimbia. Mjazaji lazima ajue yote hayo. Misokoto inapangwa ikishikana yenyewe kwa yenyewe, bila uzi, bila pini. Gille anarukaruka na viatu vya mbao kwa muda wa saa kumi na tano. Nundu ikikaa vibaya itateleza, na ikiteleza mbele ya watu, mjukuu wako ataulizwa shuleni.

Sasa Raymonde si wa Binche. Katoka Ressaix, kilomita nne. Unaweza kucheka, lakini siku zile kilomita nne kwetu ilikuwa ng'ambo. Ursmar alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimuuliza kaka yangu kama wanawake wa Binche wameisha. Nilidhani msichana yuko jikoni hasikii. Akatoka na sahani ya keki, mtulivu kabisa, akasema, "Wifi, nikukatie kipande kikubwa au kidogo? Naona mdomo unatosha kikubwa."

Nikakila hicho kikubwa. Tangu siku hiyo nikampenda, ingawa nilichukua kama miaka kumi kumwonyesha.

Baba yake alikuwa mchimba makaa, na yeye tangu ana miaka kumi na minne alifanya kazi katika karakana ya kusuka vifuko vya mabua vya kuvika chupa za mvinyo zisivunjike njiani. Vifuko mia tatu kwa siku. Kwa hiyo Ursmar alipoanza kufa ganzi vidole, matunda ya miaka thelathini ya kiwanda cha viatu, hakuhitaji kutafuta mbali. Mwaka wa kwanza Raymonde alisokota tu nyumbani. Mwaka wa pili alienda naye akibeba gunia. Mwaka wa tatu, Gille anasimama katikati ya sebule yake mikono juu, macho mazito ya usingizi, Ursmar yuko mbele anapiga soga na kupanga kifua polepole, na nyuma, kimya, Raymonde anapanga mgongo. Mgongo ndio mgumu. Kofia inauelemea mgongo. Wanaume wale wakageuka kujitazama kwenye kioo, wakamshika Ursmar mkono, wakasema, kaka, mwaka huu mgongo umekaa kuliko miaka yote. Na Raymonde huyo anaokota mabua sakafuni.

Nilipomuuliza kama hakuumia, alinijibu kwamba aliumia sana tu, lakini alitaka mumewe abaki na jina lake. Basi nami nikafunga mdomo.

Miaka saba. Halafu ule mwaka wa barafu, Alhamisi kabla ya karnivali, Ursmar akateleza kwenye ngazi za nyuma na kuvunjika nyonga. Tulipomfikisha hospitali, jambo alilokuwa akiulizia si mguu wake. Alikuwa akihesabu watu kwa vidole vyake vibovu: nani atamjaza huyu, nani atamjaza yule.

Ijumaa jioni Clotaire akaja. Clotaire ni mwenyekiti wa Wasiochelewa, muuza nyama, pande la mtu, bega la kulia limeshuka kwa kubeba mapaja ya ng'ombe. Si mtu mbaya. Ila ana ile hali ya watu wakubwa kuongea kana kwamba wengine wote wapo chumba cha pili. Alikaa jikoni kwa Raymonde, akakataa kahawa, akasema amezunguka mji mzima na kila mjazaji ana chama chake, hakuna hata mmoja mwenye nafasi, Gille kumi na wanne hawana wa kuwajaza, na katika historia yote ya Wasiochelewa hajapata kuona balaa kama hili.

Raymonde akasema, "Nitawajaza mimi."

Clotaire akacheka. Kisha akaona sisi wawili hatucheki.

Akaanza: oh, mwanamke hajawahi. Oh, vyama vingine vitasemaje. Oh, na wewe, shemeji, bila kukosea heshima, ni mtu wa Ressaix. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia migongo aliyokuwa akiisifu miaka saba ilikuwa ya nani. Nilimmwagia yote, mwaka kwa mwaka, mgongo kwa mgongo. Raymonde alinikanyaga mguu chini ya meza lakini nilikuwa nimeshafika mbali.

Mtu mwingine angeomba radhi. Clotaire akakasirika, maana hakuna kinachomuudhi mtu kama kujua kwamba amekuwa na furaha bila idhini yake. Akasema basi hao wengine kumi na watatu Raymonde awajaze, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Yeye mwenyewe atajazwa na binamu yake Edgard, fundi wa makochi.

"Kujaza ni kujaza," akasema.

"Haya, Mwenyekiti," akasema Raymonde.

Clotaire alipofika mlangoni akageuka. "Nundu moja ikiteleza, Raymonde. Moja tu. Mabua hayataingia tena nyumba hii, hata Ursmar akipona."

Akaondoka. Nilitaka kumtupia kikombe. Raymonde alitoa gunia, akalowanisha mabua, akaketi. Alisokota usiku huo, na Jumamosi yote, na Jumapili watu walipokuwa barabarani na mavazi yao ya kuchekesha yeye alikuwa bado anasokota. Nilimsaidia kufunga mafungu. Kila fungu utepe mwekundu na kipande cha karatasi chenye jina. Nilihesabu, nikaona ni kumi na manne. Nikamwambia amezidisha moja. Akasema ajuavyo yeye, chama kina watu kumi na wanne.

Jumanne alianza saa nane za usiku, na mimi nikimbebea gunia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja mwoka mikate, akafungua mlango, akatuona wanawake wawili, akatazama nyuma yetu kama Ursmar amejificha mahali. Raymonde alimwambia asimame wima na mikono juu. Akasimama. Alipoanza kupanga mgongo nikaona uso wa yule kijana unabadilika. Akauliza bila kugeuka, "Kumbe ni wewe?"

"Tulia, utanipotezea mpango."

"Miaka yote hii?"

"Ukiongea kifua kinapanda. Tulia."

Katika nyumba kumi na tatu, nyumba nane walimwambia vilevile au karibu. Mgongo una kumbukumbu kuliko macho, naona. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, yeye alisema kwamba alijua tangu mwanzo kwa sababu mikono ya Ursmar haijawahi kuwa na joto. Wawili walinuna. Mmoja alidai ajazwe tena upya, Raymonde akambomolea yote na kumpangia tena ileile misokoto, palepale, naye akasema sasa ndiyo sawa. Kila tulipomaliza nyumba, nyuma yetu tulisikia ngoma ikifika kumchukua mwenyewe, maana Gille hatembei bila ngoma. Hata hatua kumi. Hata nyumba inaungua. Anakaa ndani amevaa kila kitu mpaka mpiga ngoma asimame mlangoni kwake, ndipo atoke akicheza, na wote kwa pamoja wakamchukue wa pili, wa tatu, mpaka chama kitimie. Mpiga ngoma wetu ni Zénobe, mtu asiyecheka, anajua mlango wa kila mtu akiwa amefumba macho.

Asubuhi tukawaona uwanjani mbele ya ukumbi wa mji, wamevaa vinyago vyao vya nta vyenye miwani ya kijani, wote sura moja. Nusu saa nzima sikutazama uso wa mtu. Nilitazama migongo. Kumi na watatu wamenyooka kama mikate iliyotoka tanuri moja. Na wa kumi na nne, huwezi kumkosea kwa ukubwa, naye wakati ule alionekana vizuri tu. Kusema kweli alionekana bora kuliko wote. Edgard alikuwa amemjaza kama kochi la daktari, mviringo, laini, bila kona. Watu walimsifu. Nikajisikia vibaya, nikamtazama Raymonde, naye alikuwa akimwangalia Clotaire kwa makini akiwa amekunja uso.

"Kapendeza," nikasema, kwa shingo upande.

"Ndiyo, kapendeza," akasema. "Edgard hakusokota. Ni mabua matupu yale. Masikini."

Saa sita waligawanyika kwenda kula, kila mmoja akisindikizwa na ngoma mpaka kwake. Sisi tukarudi nyumbani, mtaa wa nyuma ya stesheni, mahali vyama vinapojipanga kabla ya gwaride la mchana. Raymonde hakuwa amelala tangu Jumatatu. Mpango ulikuwa apumzike kidogo kisha aende hospitali saa za kuona wagonjwa. Nilimchemshia maji ya chumvi, akatia miguu kwenye beseni, na hivyo ndivyo tulivyokuwa, yeye na miguu ndani ya maji, mimi na kahawa, tukisikiliza vyama vikipita nje.

Kilichotokea huko nje nilisimuliwa baadaye na watu wasiopungua hamsini, na wote walikuwa mstari wa mbele.

Clotaire alitoka kwake na kofia yake, manyoya meupe yametulia, kikapu cha machungwa mkononi. Alicheza vizuri mpaka kona ya stesheni. Pale ukaja mteremko. Viatu vya mbao, mawe, na mtu wa kilo mia na kumi anayerukaruka. Mabua ya Edgard, ambayo hayakuwa yameshikana na chochote, yakaanza safari. Kwanza kifua kikashuka tumboni. Halafu mgongo ukashuka pale usipopaswa kushuka. Akajaribu kuinua kwa kiwiko, kwa siri, na hapo ndipo mabua yakaanza kutokea chini ya suti, yakimfuata barabarani.

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, Mwenyekiti mjamzito."

Mwingine akauliza ni wa miezi mingapi. Sitaendelea, maana Clotaire bado ananiuzia nyama.

Sasa afanye nini? Kuvua hadharani hawezi, hiyo ni aibu kuliko nundu. Kumwita Edgard hawezi, Edgard saa hizo alikuwa amelala kwenye benchi la baa, amelewa shampeni ya watu. Wajazaji wengine wako wapi, hakuna ajuaye. Ulibaki mlango mmoja, hatua mia mbili kutoka pale. Kwenda kimyakimya hawezi. Gille hatembei bila ngoma, na ngoma ya chama ni ya chama chote. Aliyekuwa karibu naye anasema Clotaire alisimama pale muda mrefu, jasho linamtoka chini ya manyoya, kisha akamwinamia Zénobe sikioni. Zénobe akatazama mbele, akabadilisha mdundo, akageuza mtaa.

Sisi tulisikia ngoma inakaribia. Nikadhani inapita. Haikupita. Ikasimama mlangoni, ukaja ule mdundo wa alfajiri, wa kumwita mtu atoke, na vikombe vikatikisika kwenye sahani.

Raymonde akanitazama. Katika nyumba ile haijapata kusimama ngoma. Babu, baba, Ursmar, wote walikuwa wakiwahudumia Gille, hawakuwa Gille wenyewe. Ngoma ilikuwa ya milango mingine. Akainuka na miguu yake majimaji, akafungua.

Nje, mtaa umejaa. Zénobe mbele. Nyuma yake Wasiochelewa wote na kofia zao, wanacheza papo hapo, njuga zinalia, kwa sababu Gille hasimami bure. Nyuma yao watu, na vyama vingine viwili vilivyozuiwa njia. Na mbele ya wote, Clotaire, ana tumbo la miezi tisa na uso wa mtu aliyemeza jiwe.

Angeweza kumnong'oneza. Mtu mwenye roho ndogo angenong'ona. Kwa hilo nampa sifa, na ndiyo maana bado nanunua nyama kwake. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni.

"Raymonde. Nakuomba unijaze."

Mimi nilikuwa na majibu saba tayari, yote matamu. Raymonde akasogea kando ya mlango.

"Pita, Mwenyekiti. Vua kofia usigonge taa."

Akamsimamisha katikati ya jikoni, mikono juu. Nikamfungua ile kola niliyoipiga pasi kwa saa nzima, nikiumia roho. Tukamwaga mabua ya Edgard sakafuni, rundo la kulalia mbuzi. Raymonde akaenda kwenye kabati la vyombo, akatoa fungu lenye utepe mwekundu, akalikata kwa kisu cha mkate. Karatasi ikaanguka kwenye kiatu cha Clotaire. Akainama akaiokota, akasoma jina lake, kwa mwandiko wa Raymonde, wenye tarehe ya Jumamosi.

"Ulinisokotea?"

"Upande wa kulia nimeongeza miwili. Bega lako limeshuka tangu mwaka jana. Tulia sasa."

Akainua mikono tena. Nje ngoma ilipiga dakika kumi na tano bila kukoma, watu kumi na watatu wakicheza mbele ya mlango wa Raymonde wa Ressaix, na mimi nilikuwa nikifunga kola huku machozi yakinitoka, na sikujali nani ananiona. Nilijivunia hadi nikahisi kichwa hakitapita mlangoni.

Clotaire alipotoka, watu wakamkagua mbele na nyuma. Kona zote zilikuwa mahali pake. Wakapiga makofi. Clotaire akaingiza mkono kwenye kikapu. Machungwa ya Gille hurushwa, unayadaka ukiweza. Yeye alitoa moja, la kwanza la siku, akamgeukia Raymonde aliyekuwa amesimama kizingitini na miguu mitupu, akamwekea kiganjani kwa mikono yote miwili. Kisha Zénobe akapiga, nao wakaenda zao, wamechelewa, wao wenye jina lile. Nundu kumi na nne za mbele na kumi na nne za nyuma zilikaa mpaka fataki zikaisha.

Hatukuziona fataki. Saa kumi na moja jioni tulikuwa hospitali. Raymonde aliweka chungwa kwenye meza ya kitanda, juu ya gazeti, akaketi. Nilianza kusimulia, tumbo la Clotaire na yote, lakini Ursmar hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akilitazama lile chungwa, na kisha mkewe, ambaye bado alikuwa na vipande vya mabua kwenye nywele.

"Mgongo ulikaa?" akauliza.

"Mgongo ulikaa," akasema Raymonde. "Na kifua."

Kaka yangu akachukua mkono wake, akaanza kumtoa mabua kwenye nywele, moja moja, kwa vile vidole vyake visivyohisi kitu. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.